Breki za Mafuta ya Nazi

Mimi sikuolewa na gari. Niliolewa na mwalimu wa jiografia, tena mbele ya mashahidi, na katika yote yaliyosemwa siku ile hakuna hata mmoja aliyenitajia kwamba chini ya nyumba ninayopelekwa kuna jipi ya jeshi. Niliikuta tu. Nyumba ilikuwa Malindi, mtaa wa mjini Unguja, sisi tukikaa juu pamoja na mama mkwe wangu, na chini kulikuwa na ghala lenye mlango mpana wa mbao. Siku ya tatu ya ndoa nikashuka kutafuta makaa, nikafungua mlango, nikaona macho mawili ya kioo yananitazama gizani. Nilipiga ukelele mpaka majirani wakadhani nimeshaanza kupigwa.

Gari yenyewe ilikuwa masalio ya vita vya Wazungu. Marehemu baba mkwe, aliyekuwa dereva, aliinunua mnadani jeshi la Mwingereza lilipouza makorokoro yake. Akaiendesha miaka kadhaa, ikamzimikia, akaisukumia ghalani asubiri kifaa. Kifaa hakikuja, na yeye akafariki. Mimi nilipofika, ilikuwa imeshakuwa samani. Juu ya boneti tulianika achari ya ndimu, nyuma tuliweka magunia ya makaa, na kiti cha dereva kilikuwa cha kuku mmoja mwekundu aliyetaga hapo na asiyetaka kuulizwa na mtu.

Kisa chake nilikipata kidogo kidogo, maana mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuhojiwa. Alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki duniani, mdogo wake wa kike, aliyeolewa Paje. Zamani huko kulikuwa na harusi Paje, na mama mkwe alishawatangazia watu kwamba atakwenda na gari ya mumewe. Asubuhi ya harusi ndiyo gari ikachagua kuzima. Akapata lifti ya lori la dagaa. Alipofika, buibui limejaa magamba, mdogo wake akasema mbele ya wanawake wote, "Lo! Mke wa dereva kaja na dagaa!"

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama mkwe wangu, ambaye ulimi wake ungeweza kumenya muwa, siku hiyo aliutumia kwa jambo moja tu. Akaapa. "Wallahi, sikanyagi tena Paje ila nimo ndani ya gari ya mume wangu!" Akageuka, hata pilau hakuonja. Mdogo wake naye akapeleka salamu mjini: mwambieni na mimi siji mpaka aje yeye kwanza. Basi imekwisha. Miaka ishirini na tano hawakuonana, na baina yao ni safari ya asubuhi moja. Pweza mkavu alikuja kutoka Paje, bila salamu. Halua ikaenda Paje, bila salamu. Mimi nilikuwa nikiifunga hiyo halua kwa mikono yangu na kujisemea kwamba hawa watu hawana akili.

Miaka ya tisini ndiyo kwanza imeingia, mama mmoja wa Paje akaja na pweza wake, na safari hii akaja na maneno. Alisema mdogo mtu ni mgonjwa. Amelazwa, amerudishwa nyumbani, daktari kasema moyo umechoka. Mama mkwe alipokea pweza, akasema ahsante, akaingia chumbani. Hakula mchana wala jioni. Asubuhi nikasikia kelele ghalani, nikashuka mbio. Nikamkuta amemkamata yule kuku mwekundu kwa mbawa, anamtoa kwenye kiti mwenyewe. Hapo nikajua mambo yamekuwa mambo.

"Mwite mumeo," akaniambia. Mume wangu akaja na sabuni ya kunyolea usoni, na mama yake akamwambia: "Nataka gari ya baba yako iwake. Nataka nikamwone mdogo wangu kabla hajanifia."

"Mama, nitakodi teksi leo leo."

"Nimeapa."

Mume wangu alitoka akaenda kumleta sheikh wa msikiti wa jirani, mtu mpole sana. Sheikh akakaa, akanywa kahawa, akaeleza kwamba kiapo kina kafara yake: mtu analisha maskini kumi, na asiyeweza anafunga siku tatu, na Mungu ni mwingi wa kusamehe. Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Sheikh, Mungu nnamjua, anasamehe," akasema. "Wewe humjui mdogo wangu. Nikifika kwa teksi atakufa ananicheka, na mimi ntabaki na hicho kicheko mpaka siku yangu."

Sheikh akatazama kikombe chake. Akasema labda ni bora tutafute fundi.

Fundi tuliyempata alikuwa mzee wa Mpendae, asili yake bara, aliyewahi kufanya kazi karakana ya jeshi ujanani. Alikuja kwa baiskeli, amefunga spana kwenye kitambaa utadhani mkunga. Sikio lake moja lilikuwa limekufa kwa kelele za injini, kwa hiyo kila ulichomwambia ulimwambia mara mbili, na mara ya pili mtaa mzima ulisikia. Akaizunguka gari mara tatu. Akainusa. Akaniomba mwiko wa wali. Nikampa, mjinga mimi, nikadhani ana njaa. Akaweka ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye sikio lake zima, akamwambia mume wangu azungushe hendeli ya kuwashia. Akafumba macho. "Imo," akasema. "Imelala tu."

Kuanzia hapo jiko langu likahamia ghalani. Mwiko haukurudi. Ungo ukaenda kuwekewa nati. Mbuzi ya kukunia nazi ikawa kiti cha fundi, na meno yake yakawa ya kukwangulia kutu. Sufuria yangu kubwa, ile ya biriani, ilichemshiwa vyuma. Mkeka mpya nilioletewa kutoka Makunduchi ulitandikwa chini na juu yake ikapangwa injini nzima, kipande kwa kipande, na ole wako upite karibu. Nilimwambia mume wangu, "Wewe bwana wewe, utaniacha na nini, na mdomo?" Akanijibu kwamba mdomo unanitosha. Siku tatu alikula mkate mkavu.

Yeye mwenyewe, kusema kweli, hakuwa na kazi anayoiweza. Alichora ramani ya kwenda Paje. Njia ni moja! Hata punda anaijua! Lakini aliichora, akaipaka rangi, akaweka dira pembeni.

Kilichonitoa machozi hasa ni kifumbu. Nilikuwa na kifumbu kizuri cha kukamulia tui, kimesukwa kikasukika. Siku ya hitma ya marehemu baba mkwe nilikikuta kimetundikwa mahali pake, kisafi, nikafurahi, nikakamulia tui la watu arubaini. Kumbe fundi alikitumia kuchujia petroli, akakisuuza, akakirudisha kwa heshima zake. Watu wakakaa kula. Sheikh akatia tonge la kwanza mdomoni, akasita, akasema bismillahi kwa mara ya pili. Mwengine akaomba maji. Mwengine, aliyekuwa na kiberiti mkononi awashe sigara, akaamua kukirudisha mfukoni. Watu wa mjini wana adabu, wakamega kidogo kidogo. Mama mkwe peke yake alimaliza sahani, akaniangalia, akasema wali umekolea. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na jipi yao.

Ila, nikiri, asubuhi moja nilishuka nikamkuta mama mkwe peke yake ndani ya gari. Amekaa kiti cha mbele, buibui kamili, mkoba mapajani, anaiambia dashibodi, "Mke wa dereva kaja. Kaja na gari ya mumewe. Sema tena lile neno lako." Akarudia kwa sauti nyengine, kali zaidi. Halafu akafuta kioo kwa ncha ya buibui, akasema polepole, "Usife, mwanamke wewe, nnakuja." Nilirudi juu kimya kimya. Siku hiyo mwiko wangu wa pili nikaupeleka mwenyewe, na sikununa.

Miezi miwili baadaye gari ikawaka. Mume wangu alizungusha hendeli, hendeli ikamrudishia kofi la mkono, akazungusha tena, na ghafla jipi ikakohoa na kutapika nyuma masizi, nyuzi, viota vya panya na mende wasiohesabika. Wazee wa baraza ya kahawa wakaja mbio na ndoo za maji, wanadhani nyumba inaungua, na mmoja akammwagia fundi. Fundi hakujali, alikuwa analia. Mama mkwe, ndani ya kiti chake, amekaa wima, moshi umemzunguka, hata hakukohoa. "Kesho tunakwenda," akasema.

"Hamna breki, Mama," akasema fundi.

"Nini?"

Kwa mara ya kwanza fundi ndiye aliyelazimika kumrudia mtu maneno.

Vipira vya breki fundi alivikata kwenye kandambili za tairi, akavisugua mpaka vikaingia. Mafuta ya breki ndiyo yaliyokosekana. Darajani hamna, bandarini hamna, mtu mmoja alisema yatakuja na meli lakini hakusema meli gani. Na kila wiki habari za Paje zilikuwa mbaya kuliko za wiki iliyopita: sasa hatoki nje, sasa anakaa tu mlangoni. Basi fundi akakuna kichwa, akasema mafuta ni mafuta, kazi yake ni kusukuma. Mama mkwe akaingia chumbani, akatoka na chupa mbili za mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, meupe, yananukia. Wakayamimina. Wakajaribu saa saba mchana kwenye jua la kupasua kichwa, gari ikasimama pale pale ilipoambiwa. Wakapeana mikono. Mimi nilikuwa juu naosha vyombo, hakuna aliyeniuliza kitu.

Tukaondoka siku ya pili baada ya sala ya alfajiri. Ulikuwa msimu wa kipupwe, ile baridi ya asubuhi inayowafanya watu wazima wajifunike mashuka barazani. Mume wangu kwenye sukani, ramani imebandikwa mbele yake. Mama mkwe pembeni, mwavuli na halua mkononi. Mimi na fundi nyuma, pamoja na kikapu cha chakula na birika kubwa la chai. Wazee wa kahawa wakatusukuma tukatoka ghalani. Gari ikateremka kwa madaha, watu wanashangilia, mume wangu akakanyaga breki apeane salamu na watu.

Breki ikawa jiwe. Akakanyaga kwa miguu miwili. Akasimama juu yake. Gari wala haina habari, ikavuka njia polepole, ikapita baina ya wazee waliokuwa wanapunga mikono, ikajikita kwenye tuta la chokaa mbele ya nyumba iliyokuwa inatengenezwa. Tulipofumbua macho sote weupe. Mama mkwe alifanana na maiti aliyeghairi.

Fundi akaruka chini, akalala chali chini ya gari, akaanza kugonga hiki na kile. "Haiwezekani," anasema. "Jana ilikuwa nzuri. Jana ilikuwa nzuri!" Na mimi, na chokaa yangu kwenye kope, ndiyo nikaelewa.

"Mafuta yameganda!" nikasema.

"Nini?" akauliza fundi.

"YAMEGANDA! Mafuta ya nazi! Kipupwe hiki! Nyie watu wazima, mwalimu mzima, fundi mzima, hamjapata kuona chupa ya mafuta ya wake zenu asubuhi?"

Maana kila mwanamke Unguja anajua. Kipupwe kikiingia, chupa ya mafuta ya nazi unaiweka juani kwanza, la sivyo unatoka na nywele zako kama zilivyo. Mama mkwe akajipiga paji la uso, chokaa ikaruka. Yeye ndiye aliyepika yale mafuta, na maisha yake yote aliyaanika yeye mwenyewe, na kwa haraka ya kumwahi mdogo wake alisahau lile analolijua kuliko wote.

Hatukungoja jua. Nikashuka na birika langu, nikamwagia chai ya moto mabomba yote ya breki, gurudumu moja baada ya jengine, huku natukana kwa mpangilio. Majirani wakaleta mabirika yao. Mmoja alileta supu. Breki ikalainika. Fundi akanitazama toka pale chini kama mtu aliyeonyeshwa karama, akaniuliza kama nimewahi kufikiria kazi ya karakana.

Safari ilikuwa njema mpaka Tunguu. Mbele ya hapo nikaanza kunusa vitumbua. Nikasema, "Nani anapika?" Hakuna aliyepika. Ni breki. Mafuta yalipokuwa yameganda hayakuvuja. Tulipoyayeyusha ndiyo yakapata mwanya kwenye vile vipira vya kandambili, yakawa yanadondokea kwenye vyuma vya moto na kukaanga. Tulipopita msitu wa Jozani, kima wakashuka mitini kuja kuangalia. Fundi akainama, akachungulia, akaninong'oneza kwa ile sauti yake ya kiziwi, "YAMEBAKI KIDOGO SANA, LAKINI TUSIMWAMBIE BI MKUBWA."

"Nimesikia," akasema mama mkwe. "Tunakwenda tu."

Kitogani tukapita bila kupunguza. Breki ya mkono ilishaoza siku nyingi. Mume wangu akawa anapunguza mwendo kwa giya na kwa dua. Nilimwona mama mkwe anaweka sawa ushungi wake na kujisafisha chokaa, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kuhutubia. Nyumba za Paje zikaanza kuonekana. Akaikumbatia halua kifuani, maana tulikuwa hatujui kama mdogo wake yupo bado.

Alikuwepo. Amekaa kwenye kiti mlangoni, amejifunika kanga mbili, mdogo, mwembamba, mkono kwenye paji la uso anatazama kelele inayokuja. Mama mkwe akasimama wima ndani ya gari, akashika kioo, akapaza sauti, "Mke wa dereva kaj..."

Tukampita.

Tulimpita, wallahi, kama upepo. Mume wangu alikanyaga, breki ikaenda mpaka chini bila kugusa kitu. Niligeuka nikamwona yule mama anasimama, kiti kinaanguka. Sisi tunakwenda. Tukapita msikiti, tukapita minazi ya mwisho, tukaingia pwani, tukachana kamba moja baada ya nyengine zilizoanikwa mwani, wanawake wanakimbia huku na huku wanatulaani kwa Kimakunduchi, mpaka mchanga mwororo ukashika magurudumu na gari ikazama, ikazima. Halua ilikuwa kwenye kofia ya fundi. Mwani ulikuwa umemvaa mume wangu shingoni mithili ya shada la bwana harusi.

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunamtazama mama mkwe. Amesimama bado, ameshika kioo, mdomo wazi, neno lake la miaka ishirini na tano limemkatikia njiani. Na nyuma yetu, mchangani, mdogo wake anakuja. Mtu ambaye tuliambiwa hatoki mlangoni. Anakuja mbio za kizee, kiatu kimoja, kanga moja inaburura, anasimama kushika kifua, anakuja tena.

Akafika. Akashika ubavu wa gari kwa mikono miwili, anatweta. Mwisho akasema:

"Dada. Miaka ishirini na tano nakusubiri. Leo umefika, unanipita?"

Mama mkwe wangu, yule ninayemjua mimi, akaachia kioo.

"Breki, mdogo wangu," akasema. "Breki hazikushika."

Akaanza kulia. Yule mwengine akapanda, sijui kwa nguvu gani, akaketi kiti cha dereva baada ya mume wangu kumpisha, akamvuta dada yake akae. Wakakaa pale, bega kwa bega, wanafutana machozi kwa kanga moja. Mimi ambaye nilikuwa nimeapa kimoyomoyo kwamba sitoi chozi langu kwa ajili ya hii gari, nililia mpaka nikaazima kwa fundi kitambaa cha spana.

Mama mkwe hakurudi na sisi. Alibaki Paje kumuuguza mdogo wake. Tulipokwenda kuwaona tuliwasikia tokea njiani, wanagombana kuhusu chumvi. Walipata miezi minane. Tulimzika mdogo mtu kabla ya Ramadhani, na baada ya matanga mama mkwe akarudi mjini kwa basi, peke yake, amekaa baina ya matenga ya samaki. Nilimpokea mlangoni, nikamtolea shikamoo. Buibui lake lilikuwa limejaa magamba, na wala hakujikung'uta.